Simu moja, dawati la mwisho: shajara ya mradi wangu wa zana za TEHAMA, Mtwara hadi Tandahimba

Julai, kabla ya kuripoti BTP (mazoezi ya kufundisha)

Nasomea stashahada ya ualimu wa elimu ya msingi hapa Mtwara mjini, na kila mwanachuo amechagua jambo moja la kufuatilia wakati wa mazoezi ya kufundisha. Mimi nimechagua zana za TEHAMA. Nataka kujua ipi inamsaidia mtoto kuelewa na ipi inalipamba somo tu, halafu niandike ninachokiona palepale kabla hakijapoa.

Shule niliyopangiwa iko wilaya ya Tandahimba, juu kwenye uwanda wa Makonde. Nimempigia simu mwalimu mlezi wangu nikamwamkia, nikamwuliza hali ya vifaa. Amenijibu bila kuficha kitu. Umeme umefika jengo la ofisi, madarasani bado. Projekta hakuna. Vishikwambi vipo, vile vilivyotumika kwenye Sensa ya Watu na Makazi ya 2022 kisha vikagawiwa walimu. Mtandao unapatikana vizuri ukisimama upande wa barabarani, ukiingia darasani unayumba. Wanafunzi hawaruhusiwi kuja na simu. Darasa la Tano nitakalofundisha Hisabati na Sayansi lina watoto zaidi ya 80, wakati kiwango kinachokubalika nchini ni mwalimu mmoja kwa watoto 45.

Baada ya simu ile nimepunguza orodha yangu. Programu zinazotaka kila mtoto awe na kifaa chake, kama Kahoot, nimeziweka kando. Ni nzuri, ila hazikutengenezwa kwa darasa hili. Ninachotafuta ni chombo kinachofanya kazi kwa simu moja au kishikwambi kimoja, kisichokula bando kipindi kikiendelea, na kinachomfikia mtoto wa dawati la mwisho.

Hilo la dawati la mwisho ndilo ninalolipigania. Kila mtu aliyesoma shule zetu anaijua sauti ile: mwalimu anauliza "Tumeelewana?" na darasa zima linaitikia "Ndiyooo mwalimu". Kisha mikono ileile inanyooka, ya watoto walewale sita wa mbele. Waliobaki mwalimu hajui wanawaza nini mpaka siku ya mtihani, na siku hiyo muda wa kuwasaidia umeshapita. Teknolojia ikinipa uwezo wa kujua wanawaza nini leo, ndani ya kipindi hikihiki, nitaibeba hata kwa mguu.

Julai, wiki ya kupakua

Chuoni mtandao ni mzuri nyakati za usiku, nimeutumia kujaza kompyuta na memori kadi.

Cha kwanza ni Kolibri. Imetengenezwa na Learning Equality, shirika lisilo la kibiashara la Marekani. Walianza mwaka 2012 na programu iliyoitwa KA Lite, iliyowawezesha watu kutumia video na mazoezi ya Khan Academy bila intaneti, na Kolibri ikaja baadaye kuchukua nafasi yake. Unapakua masomo mara moja penye mtandao, kisha kompyuta yako inakuwa kama maktaba ndogo: vishikwambi vinaunganishwa nayo kwa hotspoti na kufungua masomo kwenye kivinjari, bila hata MB moja ya bando. Sura yake inapatikana kwa Kiswahili. Nimechukua hadithi za African Storybook, vipindi vya Ubongo Kids, na mazoezi ya Hisabati.

Cha pili ni simulesheni, yaani majaribio ya kuigiza kwenye skrini, za PhET kutoka University of Colorado Boulder, mradi ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fizikia ya 2001. Ni za bure. Nyingi unaweza kuzipakua kama faili moja na kuzifungua bila mtandao, na baadhi zimeshatafsiriwa kwa Kiswahili. Nimechukua ya saketi za umeme na ya sehemu.

Nimechukua pia Wikipedia ya Kiswahili yote kwa Kiwix, programu ya kuisoma bila mtandao, na vitabu vya kiada kutoka Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Hivi vya TET ndivyo nitakavyovitegemea kuliko vyote, kwa sababu vinafuata mtaala ulioboreshwa ulioanza kutumika Januari 2024 na msamiati wake ndio watakaoukuta kwenye mtihani. GeoGebra, iliyobuniwa na Markus Hohenwarter alipokuwa mwanafunzi Salzburg, Austria, nimeiweka kwa matumizi yangu mwenyewe ya kuchora maumbo safi ya kunakili kwenye manila.

Mwisho nimekwenda steshenari kuchapisha kadi za Plickers. Kila kadi ina mchoro mweusi wa mraba unaofanana na msimbo. Mtoto anaigeuza kadi ili herufi ya jibu lake, A, B, C au D, ikae juu. Mwalimu anapitisha kamera ya simu juu ya darasa na simu inasoma kadi zote kwa mkupuo. Mtoto hahitaji kifaa chochote zaidi ya karatasi. Seti ya kawaida ina kadi 40 na ile kubwa 63. Darasa langu linazizidi zote mbili, lakini nina wazo.

Julai, siku za kwanza Tandahimba

Asubuhi huku juu kuna ukungu na baridi ambayo sisi wa pwani hatujaizoea. Mikorosho imeanza kutoa maua na harufu ya salfa ipo hewani, watu wanaipuliza mikorosho kama dawa.

Mwalimu mlezi wangu amebakiza muda mfupi kustaafu. Nilimwonyesha vyote nilivyobeba, akavitazama kimoja kimoja kwa makini, akaniuliza swali ambalo nimelinakili hapa kama alivyolisema: "Kati ya hivi, mwanangu, kipi kinaongea na kipi kinasikiliza?"

Kisha akanisimulia habari za redio. Mwaka 1973, alipokuwa mtoto mdogo Newala, kulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya iliyorushwa na Redio Tanzania. Watu walikusanyika kwa vikundi, redio moja kwa kikundi kizima, na kiongozi wa kikundi akiwa na kitabu. Baba yake alikuwemo. Kipindi kilipokwisha redio ilizimwa na ndipo kazi ilipoanza: kujadili, kubishana, kukubaliana nani atachimba choo lini. Kampeni ile ilifikia watu wanaokadiriwa kuwa milioni 2 nchi nzima, na mwaka 1975 ikafuatiwa na Chakula ni Uhai. "Redio haikuchimba choo hata kimoja," akasema. "Mazungumzo ndiyo yaliyochimba."

Nimeandika maneno hayo kwenye jalada la daftari la mradi. Kizazi cha wazazi wetu kiliwahi kufundishana nchi nzima kwa kifaa kimoja kwa watu wengi. Tulipokuwa chuoni tukizungumzia upungufu wa vifaa, hakuna aliyetukumbusha hilo, na nadhani ingefaa kila mwanachuo wa ualimu alijue.

Agosti, mwanzoni: kadi

Wazo langu lilikuwa kugawa kadi moja kwa kila dawati. Madawati yanakaliwa na watoto watatu, mengine wanne, hivyo kadi 40 zinatosha na kubaki. Kabla ya kuinua kadi, dawati zima lazima likubaliane jibu moja.

Swali la kwanza niliandika ubaoni: *Sehemu ipi ni kubwa kuliko zote? A. 1/2 B. 1/3 C. 1/4 D. 1/8.* Tulikuwa tumeshafundisha sehemu, na darasa lilishaitikia kwamba limeelewa. Nikawapa dakika mbili za kushauriana. Kelele zilipanda. Mwalimu wa darasa jirani alichungulia dirishani, nikamwomba radhi kwa ishara. Zilikuwa kelele nzuri: "Nane ni kubwa kuliko mbili!" "Mkate ukigawa kwa wanane utapata kipande gani wewe?"

Kadi zilipoinuka nikapitisha simu. Siku hiyo mtandao ulikuwa mzuri. Madawati yaliyochagua D yalikuwa mengi kuliko yaliyochagua A.

Nimelifikiria jambo hilo siku nzima. Mtoto anayechagua 1/8 anasoma asili kama namba nzima inayojitegemea, na kwa kuwa 8 ni kubwa kuliko 2, basi kwake 1/8 ni kubwa kuliko 1/2. Si uvivu wala ujinga, ni kanuni aliyojijengea mwenyewe kutokana na namba nzima ambazo zimekuwa zikimtumikia vizuri tangu Darasa la Kwanza. Mtoto huyo anaweza kujumlisha sehemu zenye asili sawa na kupata vema zote, kwa hiyo daftari lake halikuonyeshi chochote. Kadi ilionyesha.

Tukaacha kila kitu tukakunja karatasi. Kila dawati likapewa karatasi mbili zinazolingana: moja ikunjwe mara moja, nyingine mara tatu. Kunja, fungua, hesabu vyumba, paka rangi chumba kimoja, linganisha. Baadaye nikauliza swali jingine, *ipi ni kubwa, 3/4 au 3/5*, ili nisipimie swali lilelile walilolizoea. Safari hii kadi nyingi zilikuwa sahihi, na madawati machache yaliyokosa niliyajua kwa namba zake. Nikaenda kukaa nayo wengine wakifanya zoezi.

Hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta tangu chuoni. Simu ilifanya kazi yake kwa sekunde chache, kisha ikarudi mfukoni na karatasi ikafundisha.

Agosti, wiki iliyofuata

Mtandao umekuwa wa kubahatisha. Plickers inauhitaji ili simu ivute maswali na kupeleka majibu, na kipindi cha dakika 40 hakiwezi kusubiri mnara. Mwalimu mlezi akasema kama watoto wameshajua kushauriana na kuinua jibu, simu si lazima.

Tumetengeneza kadi zetu. Kipande cha manila kinakunjwa mara mbili kupata vyumba vinne upande mmoja, kila chumba herufi yake na rangi yake: A nyekundu, B bluu, C kijani, D nyeusi. Mtoto anakunja ionekane herufi moja tu na kuiinua mbele ya uso wake, hivyo jirani hawezi kuichungulia. Kwa kutazama tu, rangi zinaniambia darasa limeelekea wapi. Nikitaka hesabu kamili, napiga picha moja kutoka mbele na kuzihesabu baadaye ofisini. Hii haihitaji mtandao wala akaunti, na kila mtoto anapata kadi yake, hivyo naweza kuamua leo dawati lijibu pamoja au kila mmoja peke yake.

Picha zimeniletea swali zito zaidi. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata isingekuwepo, sura ya mtoto si mali yangu. Nimekaa na Mwalimu Mkuu tukakubaliana: kadi ifunike uso, picha ihesabiwe na kufutwa siku hiyohiyo, isiingie kwenye kundi lolote la WhatsApp wala kwenye ripoti ya chuo. Ninaona walimu wengi wakirusha video za madarasa yao mitandaoni, watoto wakiwa wanalia au wakikosea ubaoni, na watu wanacheka. Mtoto aliyekosea mbele ya mwalimu wake amefanya jambo jema kabisa, kwa sababu ameonyesha mahali pa kusaidiwa. Kumgeuza kuwa kichekesho cha watu asiowajua ni kumfundisha asinyooshe mkono tena maisha yake yote. Jambo hili linaniuma.

Agosti, mwishoni: saketi

Sayansi, mada ya umeme. Tulianza na vitu halisi: betri za tochi, balbu ndogo, nyaya zilizotolewa kwenye redio mbovu. Watoto wa huku wanajua umeme wa sola kuliko mimi. Kuna binti mmoja anayeunganisha taa za nyumbani kwao, alifundisha kundi zima namna ya kumenya waya bila kukata nyuzi.

Siku ya pili ndipo tukafungua simulesheni ya PhET kwenye vishikwambi vitano vya walimu, makundi yakipokezana. Nimeamua kwa makusudi vitu halisi vitangulie. Mtoto aliyeshika waya mkononi na balbu ikakataa kuwaka anakuja kwenye skrini akiwa na swali. Asiyewahi kuushika anakuja kuangalia picha. Skrini nayo ina mambo mawili ambayo meza yetu haina. Inaonyesha elektroni zikitembea ndani ya waya, na inamruhusu mtoto kuunganisha ncha mbili za betri moja kwa moja na kuona moto ukiwaka bila mtu kuungua. Kila kundi lilifanya hivyo mara moja, kundi la kwanza likiwa na hofu, yaliyofuata kwa shauku. Nikawaacha, kisha nikauliza kwa nini betri imeungua wakati balbu haipo.

Mvulana mmoja aliuliza kama vidude vile vya bluu vimo kweli ndani ya waya. Nilifurahi mno. Nilimjibu kwamba elektroni zimo kweli, ila hazina rangi hiyo na ni ndogo kiasi kwamba hakuna jicho linaloweza kuziona, waliochora wamechagua bluu ili tuweze kuzifuatilia. Nimeongeza kwenye andalio la somo: kila simulesheni iambatane na swali "Hapa kipi ni kweli na kipi ni mchoro tu?"

Septemba: sauti

Mwalimu wa Darasa la Tatu ameomba nimsaidie kwenye kusoma. Ana watoto wanaotamka silabi moja moja bila kufika kwenye maana. Hatukutumia programu yoyote mpya, tulitumia kinasa sauti kilichomo kwenye simu.

Mtoto anachagua hadithi fupi ya African Storybook. Anaisoma kwa sauti nje ya darasa chini ya kivuli, simu ikinasa. Kisha anajisikiliza, kitabu kikiwa mbele yake. Simsahihishi. Namwuliza tu: "Umesikia nini?" Karibu wote wanasikia wenyewe mahali walipokwama, na wengi wanaomba kurudia kabla sijasema neno. Mtoto mmoja ambaye darasani hakuwahi kusoma kwa sauti alirudia mara kadhaa, na kila mara alipunguza vituo vya katikati ya neno. Alipoifikisha sentensi nzima bila kukatika aliitazama simu kwa mshangao, halafu akauliza kama anaweza kumsikilizisha mwalimu wake. Tulimwita mwalimu akaja na chaki mkononi.

Nikimkumbuka mwalimu mlezi, hiki ni chombo kinachosikiliza. Kinasikiliza kwa subira ambayo mwalimu mwenye watoto 80 hawezi kuipata hata akitaka, na hakimcheki mtu. Kinafanya kazi kwenye simu yoyote, hata ile ya batani yenye kinasa sauti. Nashangaa kwamba katika orodha zote za zana nilizozisoma chuoni, kinasa sauti kilitajwa mara chache sana.

Septemba, katikati

Nimejaribu programu moja ya akili mnemba kunitungia maswali ya kuchagua. Inatunga haraka, na Kiswahili chake kinaeleweka. Tatizo liko kwenye majibu yasiyo sahihi: yalikuwa namba za kubahatisha. Jibu lisilo sahihi linafaa pale tu linapotokana na namna mtoto anavyofikiri, ili akilichagua nijue amepitia njia gani. Hayo nayapata kwenye madaftari. Sasa kila ninaposahihisha naandika makosa yanayojirudia, na hayo ndiyo yanayogeuka kuwa A, B, C, D.

Mfano ni huu wa desimali: *Ipi ni kubwa kuliko zote? A. 0.4 B. 0.35 C. 0.125 D. 0.09.* Anayechagua C amesoma 125, 35 na 4 kama namba nzima, anaamini namba yenye tarakimu nyingi ndiyo kubwa. Anayechagua D ameona 9 na hakuona sifuri iliyotangulia. Ni makosa mawili tofauti, na kila moja linataka dawa yake. Tuliyatibu kwa mizani. Huku kila mtoto ameshasimama kwenye ghala la chama cha msingi akitazama korosho za nyumbani zikipimwa, na anajua kwamba tarakimu zilizo baada ya nukta zina maana ya pesa. Tukageuza zote kuwa gramu: 400, 350, 125, 90. Ubishi ukaisha wenyewe.

Septemba, mwishoni: Tendaguru

Watoto walikuwa wakizunguka kwenye Kiwix, na kundi moja likakutana na habari za dinosaria. Wakaniuliza kama wanyama hao waliishi Ulaya. Nikawaambia mmoja wa wakubwa kuliko wote waliowahi kusimamishwa kwenye jumba la makumbusho alichimbwa hapo jirani, Tendaguru, mkoa wa Lindi. Hawakuniamini.

Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani, wakiongozwa na Werner Janensch na Edwin Hennig, na mwishoni Hans Reck, walichimba mifupa Tendaguru. Kazi ya jembe na ya kubeba mizigo hadi bandari ya Lindi ilifanywa na mamia ya watu wa maeneo haya, na msimamizi aliyeaminiwa kwa ustadi wake aliitwa Boheti bin Amrani. Mifupa iko Berlin hadi leo. Yule mkubwa, Giraffatitan, amesimamishwa kwa urefu wa mita 13.27 kwenda juu.

Nikaona hapo kuna somo la vipimo. Tukachukua kamba, tukapima mita moja kwa rula kubwa ya ubaoni, tukaendelea mpaka 13.27. Kipande kile cha 0.27 kilizua mjadala mzuri kuliko mazoezi yote ya kitabuni. Kamba ikalazwa uwanjani, watoto wakajipanga kando yake wakiwa wamelala kichwa kwa miguu kuona inachukua watoto wangapi. Nimerekodi maelezo ya dakika chache kwa sauti yangu juu ya Tendaguru na Boheti bin Amrani, nikayaweka kwenye Kolibri pamoja na maswali. Hii ndiyo kazi ninayotaka kuiendeleza kuliko zote. Zana hizi zimejaa mifano ya theluji, treni za chini ya ardhi na sarafu tusizozitumia. Anayeweza kuweka ndani yake Tendaguru, Kilwa Kisiwani, korosho na Mto Ruvuma ni mwalimu aliyepo hapa, na programu kama Kolibri zinaruhusu jambo hilo.

Oktoba: korosho

Msimu umefunguka. Mahudhurio yameshuka, madawati mengine yana mtoto mmoja. Familia nzima iko shambani kuokota, na siwezi kumlaumu mzazi ambaye ada ya mtoto mkubwa na bati la nyumba vinategemea wiki hizi. Lakini mtoto aliyekosa kipindi cha desimali hatakipata tena kwa njia ya kawaida, kwa sababu azimio la kazi linasonga mbele.

Tumejaribu jambo hili: wanaorudi wanakuja nusu saa kabla ya mchakamchaka, au wanabaki baada ya vipindi, na kukaa watatu watatu kwenye kishikwambi na somo walilolikosa. Video fupi, kisha maswali matatu ya kadi. Mwenzao aliyekuwepo anakaa nao kama kiongozi wa kikundi. Mwalimu mlezi anaita hiyo redio yake, naye amechukua zamu ya asubuhi bila kuombwa.

Inasaidia kwa kiasi. Kwenye sehemu na desimali waliorudi wanafikia wenzao haraka. Kwenye mada ndefu, kama eneo na mzingo, video haitoshi, wanahitaji mwalimu na ubao. Nitaandika hivyohivyo kwenye ripoti, maana mkufunzi wangu anataka kujua pia mahali ambapo zana ilikwama.

Vishikwambi vinaisha chaji ifikapo saa nane, na umeme wa ofisini ukikatika tunategemea pawabenki yangu moja. Mwalimu Mkuu amelipeleka suala la paneli ndogo ya sola kwenye kamati ya shule. Mzazi mmoja anayeuza vifaa vya sola amekubali kuja kupima mahitaji.

Oktoba, wiki ya mwisho ya BTP

Ninachoacha shuleni: memori kadi tatu zenye Kolibri na faili za PhET, boksi la kadi za manila za kutosha madarasa mawili, na daftari la makosa yanayojirudia katika sehemu, desimali na vipimo, pamoja na maswali yaliyotokana nayo. Walimu wawili wameshajifunza kuwasha hotspoti na kuunganisha vishikwambi bila mimi. Wa Darasa la Tatu anaendelea na kinasa sauti, ameshaongeza kitu ambacho sikukifikiria: mtoto anasikiliza sauti yake ya Septemba kisha ya Oktoba.

Kadi za Plickers narudi nazo Mtwara. Nataka nizijaribu kwenye shule ya mjini yenye mtandao imara, nilinganishe na manila, nione kama kujua jina la kila mtoto papo hapo kunaleta tofauti inayostahili gharama ya bando. Jumatatu nakutana na mkufunzi kupanga hilo, na nimeshamwandikia kwamba ningependa mwalimu mlezi wangu aalikwe chuoni kuwaeleza wanachuo wa mwaka wa kwanza habari za vikundi vya redio vya 1973.